Ghasani Ana Mtihani

Chumba namba sita, zahanati ya Ibra.
Kiyoyozi kinakohoa kuliko wagonjwa.
Sleyum bin Mbaruku ameketi wima,
kofia yake ya nakshi juu ya goti,
vidole vimebabuka kwa sukari ya miaka thelathini.

"Tangu lini?"
"Tangu Mfungo Nne."
Kwa Kiswahili, kile cha mama yake aliyezaliwa Wete.
Kiarabu anakiweka kwa wateja.

Naanza na masikio.
Mtu akija na jambo la kumwonea haya
anza mbali nalo.
Navuta sikio juu, kisha nyuma, naingiza mwanga:
nta kidogo, rangi ya samli iliyolala,
na nyuma yake kiwambo, kijivu, kinang'aa,
hakina tundu.
Nagonga uma wa chuma kwenye goti langu,
nausimamisha katikati ya kipaji chake.
"Waisikia wapi?"
"Kati." Akafikiri. "Kama sufuria ya shaba
ikiguswa na mwiko."

"Sema aaa."
Meno mawili hayapo. Ulimi una utando.
Kimio kimening'inia sawasawa, hakikwenda kombo.
Koo kavu,
koo la mtu anayelala mdomo wazi.
Nasimama nyuma yake, napapasa shingo,
chini ya taya, kando ya zoloto. "Meza."
Likapanda, likashuka. Hakuna tezi iliyovimba.

"Daktari, unazunguka tu."

Haya. Pua.
"Fumba macho. Ziba upande mmoja."
Kichupa cha kahawa: hakuna kitu.
Cha sabuni: hakuna.
Cha karafuu: akarudisha kichwa nyuma.
"Karafuu hiyo."
"Umeinusa?"
"Sikuinusa. Imenichoma."

Nikaandika, neno kwa neno.

Kisha nikafungua mwanzi wa kulia kwa koleo ndogo
na hivyo hapo: vinyama,
vyororo, vya kijivu, vinapitisha mwanga,
kama zabibu alizozimenya mtoto
akazisahau kwenye sahani.
Kushoto vingi zaidi.
Nikavigusa. Hakushtuka. Ndiyo tabia yao,
havina uchungu,
vinakua kimyakimya mlangoni
mpaka hapiti mtu.

Alisema yote mwenyewe, sikumuuliza.
"Anayenusa ni mwanangu, Ghasani. Miaka kumi na miwili.
Kabla ya skuli namsimamisha kando ya sufuria:
baba, zafarani imetosha? Maji ya waridi je?
Wiki iliyopita alikuwa na mtihani.
Nikapika peke yangu.
Halua ikaungua chini, na mimi nakoroga,
nakoroga, naitikia salamu za watu,
mpaka jirani muuza vyungu akaja mbio
na kitambaa puani."

Nikamweleza: dawa ya kupuliza, asubuhi na usiku.
Picha. Pengine Maskati, wakavitoe.
"Itarudi?"
"Pengine."
"Yote?"
Nikatafuta karatasi ambayo sikuihitaji.

Akatoa kibati mkobani, akakisukuma mezani,
kati ya glavu na uma wa chuma.
"Ya jana. Ghasani anasema nzuri.
Lakini Ghasani ananipenda."

Sikuwa na kijiko.
Nikachota kwa kijiti cha kubonyezea ulimi,
kipya, nimekitoa sandukuni mbele yake.
Akaegemea mbele, ananikazia macho kooni,
bila taa, bila kupepesa.

"Meza," akasema.
Nikameza.
"Sema kweli."

"Hiliki imezidi. Na chini,
kwa mbali, kuna moshi."

Akaniomba kalamu.
Akageuza kadi yake ya miadi
na kuandika, polepole, kwa mkono wa mtu
asiyezoea kuandika: hiliki, punguza.
Kisha akasimama, akavaa kofia, akauliza
kama Jumatano nitakuwepo
na kama nitakuwa na njaa.